Sentimita mbili zilizomwangusha bingwa Seoul

Mpenzi msomaji, ukiulizwa ni nini unachokumbuka kuhusu Michezo ya Olimpiki ya Seoul, Korea Kusini, mwaka wa 1988, bila shaka utataja mbio. Utamtaja Peter Rono wa mita 1500, Paul Ereng wa mita 800, John Ngugi wa mita 5000 na Julius Kariuki wa kuruka viunzi na maji. Ikiwa wewe ni mpenzi wa masumbwi, utamtaja marehemu Robert Wangila. Dhahabu tano, na nchi nzima ikashangilia. Ikiwa hukuwa umezaliwa, muulize baba au mjomba wako, naye atakusimulia mpaka chai ipoe.

Lakini siku chache kabla ya ushindi huo, yaani Septemba 21, kulikuwa na shindano jingine huko huko Seoul ambalo hapa kwetu lilipita kimya kimya. Halikuwa uwanjani bali kidimbwini. Lilichukua muda usiofika dakika moja. Nami nasema, bila woga wa kupingwa na wapenzi wa riadha, kwamba hakuna shindano katika Michezo ile lenye mengi ya kuzungumzwa mezani na watoto kama hilo. Ilikuwa fainali ya wanaume ya kuogelea mita 100 kwa mtindo wa kipepeo.

Aliyetarajiwa kushinda ni Mmarekani Matt Biondi, jitu la karibu mita 2 kwa urefu. Magazeti ya kwao yalikuwa yamembebesha mzigo mzito: arudie maajabu ya mwenzao Mark Spitz, aliyezoa dhahabu saba katika Michezo ya Munich mwaka wa 1972. Biondi alikuwa tayari ameambulia shaba katika mita 200 mtindo huru, kwa hivyo hesabu ya saba ilikuwa imekwisha kuharibika. Hata hivyo, katika mita 100 za kipepeo wengi walimwona hana mpinzani. Mwenye rekodi ya dunia wakati huo, Pablo Morales, hakufuzu hata kuingia katika timu ya Marekani. Na bingwa wa 1984, Mjerumani Michael Gross, ambaye mikono yake ikinyooshwa ilipita mita 2 hivi kwamba walimbatiza jina la ndege mkubwa wa baharini, hakuwa tena na kasi ile ya zamani katika umbali huo.

Miongoni mwa waliojipanga ukingoni alikuwamo kijana mmoja mweusi, mpole, asiyependa maneno mengi, mwenye umri wa miaka 20. Jina lake Anthony Nesty. Nchi yake Suriname.

Najua unajiuliza: Suriname iko wapi? Usione haya, mpenzi msomaji, hata watangazaji wengi siku hiyo ilibidi wakimbilie ramani. Ni nchi ndogo kaskazini mwa Amerika Kusini, iliyotawaliwa na Waholanzi mpaka ilipopata uhuru Novemba 25, 1975. Wakati wa Seoul watu wake hawakufika hata nusu milioni. Nesty alizaliwa kisiwani Trinidad, akahamia Suriname na wazazi wake akiwa bado mtoto mchanga. Na tazama jinsi siku zinavyokutana: siku ambayo bendera ya Suriname huru ilipandishwa ndiyo siku ambayo yeye alikuwa akitimiza miaka 8.

Haya, turudi kidimbwini. Mtindo wa kipepeo, kwa wale ambao hawajawahi kuujaribu, ndio unaochosha kuliko mitindo mingine yote. Mikono yote miwili hutoka majini kwa pamoja, huruka mbele kwa pamoja, huzama kwa pamoja. Miguu nayo hubanwa pamoja na kupiga maji juu na chini kama mkia wa pomboo, kwa kawaida mara mbili kwa kila mzunguko wa mikono. Hakuna nafasi ya kupumzisha upande mmoja huku mwingine ukifanya kazi. Mtindo wenyewe ulizaliwa kutokana na ule wa chura. Waogeleaji wajanja walitambua kuwa wakirusha mikono juu ya maji badala ya kuisukuma ndani yake walikwenda kasi zaidi, na wakuu wa mchezo wakachoka kubishana nao, wakautenga ukawa mtindo wa kujitegemea. Uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Melbourne mwaka wa 1956. Mita 100 za wanaume zilianza Mexico mwaka wa 1968.

Bunduki ilipolia, Biondi alichomoka. Alitangulia kugeuka kwenye mita 50, akaendelea kuongoza hadi mita chache za mwisho. Nesty alikuwa nyuma yake, akija polepole lakini akija. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo makocha wamelieleza kwa wanafunzi wao tangu siku hiyo.

Biondi alimaliza mzunguko mmoja wa mikono na kukuta ukuta uko karibu mno kwa mzunguko mwingine mzima, lakini bado uko mbali kidogo. Fikiria unashuka ngazi gizani, unadhani umefika chini, kumbe bado ngazi moja. Angefanya nini? Angeweza kurusha mikono upesi upesi mara moja zaidi, au kuinyoosha mbele, apige miguu na kuteleza mpaka aguse. Alichagua kuteleza. Naye mtu anayeteleza majini, hata awe na mwili mrefu namna gani, anapungua kasi kila nukta. Kwa upande wake, Nesty aliufikia ukuta mkono ukiwa katikati ya nguvu yake, kama seremala anayepiga msumari.

Waligusa. Kwa macho matupu hakuna aliyeweza kusema ni nani. Wote wakageuka kutazama ubao.

Nesty, 53.00. Biondi, 53.01. Mwingereza Andy Jameson alipata shaba kwa 53.30, na Michael Gross akawa wa tano.

Tofauti ya dhahabu na fedha ilikuwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, chukua kalamu tufanye hesabu kidogo. Mtu anayemaliza mita 100 kwa sekunde 53 anakwenda, kwa wastani, mita 1.89 kila sekunde. Katika sehemu moja ya mia ya sekunde amesogea sentimita 1.89. Yaani Nesty alishinda kwa umbali usiofika sentimita mbili baada ya kuogelea mita mia moja. Upana wa kidole gumba! Kupepesa jicho mara moja tu kunachukua muda ulio mara kumi ya huo au zaidi.

Kwa nini basi saa za kuogelea zisipime hadi sehemu ya elfu, ili ubishi uishe kabisa? Zilijaribiwa. Huko Munich mwaka wa 1972, Msweden Gunnar Larsson na Mmarekani Tim McKee walimaliza mita 400 za mitindo mchanganyiko kwa muda mmoja, dakika 4 na sekunde 31.98. Waamuzi wakatazama tarakimu ya tatu, wakampa Larsson dhahabu kwa tofauti ya sehemu mbili za elfu. Baadaye watu walikaa wakafikiri. Kidimbwi hujengwa na mafundi, kwa saruji na vigae, na kanuni zenyewe zilikubali kizidi mita 50 kwa hadi sentimita 3. Ikiwa mstari wangu unaweza kuwa mrefu kuliko wako kwa milimita kadhaa, ni haki gani kuninyima dhahabu kwa milimita mbili tatu? Ndipo ikaamuliwa kwamba wakilingana katika sehemu za mia, wote wawili ni washindi. Mwenye ulimi mkali ataniambia kuwa hata sentimita mbili za Nesty zinaingia ndani ya hizo sentimita tatu. Hesabu yako ni sahihi, ndugu yangu, lakini mahali fulani lazima mstari uchorwe, na Biondi mwenyewe aliikubali fedha yake. Aliondoka Seoul na dhahabu tano kutoka mashindano mengine, kwa hivyo usimwonee huruma kupita kiasi.

Sasa nataka tuseme lile ambalo hasa limenifanya nichukue kalamu leo.

Anthony Nesty alikuwa mwanamume wa kwanza mweusi kushinda dhahabu ya kuogelea katika Olimpiki. Kabla yake alikuwepo Enith Brigitha, mzaliwa wa Curaçao aliyeichezea Uholanzi, ambaye alipata shaba mbili Montreal mwaka wa 1976. Basi. Na watu walikuwa na maelezo yao kuhusu uhaba huo. Aprili 1987, miezi 17 tu kabla ya Seoul, mkuu mmoja wa timu maarufu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers, Al Campanis, aliketi mbele ya kamera za televisheni na kudai kuwa watu weusi si waogeleaji wazuri kwa sababu miili yao haielei. Alisema hayo katika kipindi cha kumkumbuka Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja ubaguzi katika ligi hiyo miaka 40 iliyotangulia! Haikuchukua siku mbili akawa hana kazi. Lakini maneno yake hayakufukuzwa pamoja naye. Yapo mpaka leo, na jambo la kusikitisha ni kwamba tunayasikia kwetu wenyewe, vinywani mwa watu wetu wenyewe, tena kama mzaha: "Mwafrika na maji wapi na wapi? Mifupa yetu ni mizito."

Mzazi mwenzangu, umewahi kuyasema hayo mbele ya mtoto?

Hebu tuulize ukweli. Mtu akijaza mapafu yake hewa na kutulia, maji humbeba, au karibu yambebe. Wapo wanaoelea kwa urahisi na wapo wanaozama miguu, na tofauti hizo utazikuta ndani ya nyumba moja, kati ya dada na kaka. Na kama miili yetu haitaki maji, ni nani wanaopiga mbizi kule Lamu na Vanga? Ni nani wanaovua Ziwa Victoria tangu enzi za mababu? Watoto wa mtoni hujifunza kuogelea kabla ya kujifunza kuandika majina yao.

Sababu ya Marekani ilikuwa tofauti kabisa, na haikuwa mifupa. Nesty alipokuwa kijana alipelekwa kusoma na kufanya mazoezi katika shule ya Bolles, mjini Jacksonville, jimbo la Florida, chini ya kocha Gregg Troy. Kusini kidogo ya Jacksonville kuna mji uitwao St. Augustine. Mwezi wa Juni 1964, waandamanaji weusi na weupe waliingia pamoja katika kidimbwi cha hoteli moja ya mji huo ambayo haikuwaruhusu weusi. Meneja wa hoteli akachukua asidi akaimwaga majini huku watu wakiwa bado ndani. Picha yake ilizunguka dunia. Mtu akifungiwa kidimbwi vizazi na vizazi, mwanawe hatajua kuogelea, na mjukuu wake hatajua, kisha aje bwana mmoja kwenye televisheni aseme ni mifupa!

Nchini Suriname hakukuwa na asidi, lakini hakukuwa na maji mengi ya mashindano pia. Nchi nzima ilikuwa na kidimbwi kimoja tu cha urefu wa mita 50. Katika Michezo ya Los Angeles mwaka wa 1984, Nesty akiwa na miaka 16, alimaliza wa 21 na kurudi nyumbani bila mtu kumtambua. Miaka mitatu baadaye alichukua dhahabu ya mita 100 za kipepeo katika Michezo ya nchi za Amerika huko Indianapolis. Basi waliosema Seoul kwamba ametokea gizani hawakuwa wakisoma matokeo. Na baada ya Seoul hakulala. Mwaka wa 1991 alikuwa bingwa wa dunia mjini Perth, Australia, na mwaka wa 1992 mjini Barcelona akapata shaba nyuma ya Morales, yule yule aliyekosa nafasi ya Seoul, na Rafał Szukała wa Poland. Wote watatu walimaliza ndani ya sehemu kumi za mia za sekunde.

Wasuriname walimpokea kama mfalme. Picha yake iliwekwa kwenye stempu, ikawekwa kwenye noti ya gulden 25, na ukumbi mkubwa wa michezo mjini Paramaribo ukapewa jina lake. Hadi Michezo ya Paris ya mwaka wa 2024, nchi hiyo ilikuwa imeshinda medali mbili tu za Olimpiki katika historia yake yote. Zote mbili ni za Nesty, na zote mbili ni za mita 100 za kipepeo.

Nasi je? Mwaka mmoja kabla ya Seoul, Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika, na kule Kasarani tukajengewa kidimbwi cha mita 50. Kwa hesabu ya vidimbwi basi, tulikuwa sawa na Suriname. Ilituchukua miaka 20 na zaidi kumwona Mkenya katika fainali ya Olimpiki ya kuogelea, na alipokuja alikuja kwa mtindo ule ule. Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, aliweka rekodi ya Olimpiki ya mita 100 za kipepeo katika mchujo wa Beijing mwezi wa Agosti 2008, sekunde 51.14. Rekodi hiyo haikumaliza hata saa moja, kwani Milorad Čavić wa Serbia aliivunja katika mchujo uliofuata. Fainalini Dunford akawa wa tano. Miaka miwili baadaye, mjini Delhi, alitwaa dhahabu ya mita 50 za kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, dhahabu ya kwanza ya Kenya ya kuogelea katika Michezo hiyo.

Na katika fainali hiyo ya Beijing, nani alishinda, na kwa tofauti gani? Michael Phelps, 50.58. Čavić, 50.59. Sehemu moja ya mia! Čavić aliongoza, akaufikia ukuta akiteleza kama Biondi. Phelps, aliyekuwa nyuma, alirusha mikono nusu mzunguko zaidi. Wakaguzi walitazama picha moja moja kabla ya kulitupa lalamiko la Waserbia. Ni miaka 20 kati ya mashindano hayo mawili, na mtu ungedhani kosa la Seoul lingekuwa limeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu. Lakini mtu aliyechoka, mwenye mapafu yanayowaka moto, haamui kwa kichwa. Anaamua kwa mazoea. Ndiyo maana makocha wazuri humrudisha mtoto mita tano za mwisho mara mia, mpaka achukie ukuta.

Wazazi wengi husema masomo ya kuogelea ni anasa ya watoto wa mitaa ya kifahari. Ada ni kikwazo, sikatai. Lakini simzungumzii mtoto wa kwenda Olimpiki peke yake. Nazungumzia yule anayekwenda na shule yake Mombasa mwezi wa Agosti, akaona maji, akafuata wenzake. Nazungumzia wale wa machimbo ya mawe yaliyojaa maji ya mvua karibu na mitaa yetu, ambao tunasoma habari zao kila msimu wa masika. Mtoto huyo hahitaji mtindo wa kipepeo. Anahitaji kujua kugeuka chali, kutulia, na kupumua mpaka afikiwe. Hayo hufundishwa kwa wiki chache, na mwalimu mwenye subira. Tena anza wewe mzazi, kwani mama anayeogopa maji humshika mwanawe kwa nguvu ile ile ya woga, na mtoto huisikia mkononi.

Nesty aliendelea kuishi Florida. Alisomea chuo kikuu huko, kisha akawa msaidizi wa Gregg Troy, kocha wake wa zamani, kwa miaka mingi, na Troy alipostaafu mwaka wa 2018 yeye ndiye aliyerithi timu ya wanaume ya chuo hicho. Katika Michezo ya Paris, mwaka wa 2024, alikuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume ya Marekani ya kuogelea, mtu mweusi wa kwanza kupewa cheo hicho. Wamarekani walikuwa na wiki ngumu. Siku ya mwisho ilifika bila mwanamume wao hata mmoja kushinda dhahabu ya mtu binafsi. Agosti 4 ikaja fainali ya mita 1500, akaingia majini Bobby Finke, kijana anayefunzwa na Nesty nyumbani Florida. Aliongoza tangu mwanzo mpaka mwisho, akagusa ukuta kwa dakika 14 na sekunde 30.67, rekodi mpya ya dunia.